Maswali ya Wasomaji: Till, Leso 180 na Mzigo wa Likoni

Barua za safari hii zimetoka Mtaa wa Biashara, Mji wa Kale, Changamwe, Nyali na Kongowea. Ya kwanza inauliza lipi jukwaa zuri la duka la mtandaoni, zinazofuata zinauliza yanayotokea tovuti ikishafunguliwa. Swali hilo likiulizwa peke yake halina jibu, kwa hivyo tumefuata pesa ya mteja tangu inapotoka simuni kwake hadi inapoandikwa kwenye hesabu za muuzaji. Barua tumezifupisha.

Asalaam aleikum. Nauza leso na madera Mtaa wa Biashara, kwa WhatsApp na Instagram. Nina leso za aina kama 180. Fundi mmoja aniambia nichukue Shopify, wa pili ataka WordPress na WooCommerce, wa tatu ataka kuniandikia mfumo wangu kuanzia sifuri. Nimsikize yupi?

Wa aleikum salaam, mama. Wa tatu mshukuru, umuage. Mfumo ulioandikwa na mtu mmoja hutunzwa na huyo huyo mmoja, na siku akipata kazi Doha utabaki na duka ambalo hakuna fundi mwingine anayetaka kulifungua. Kikapu, hesabu ya bidhaa, kodi, kurudisha pesa: hayo yote yalishaandikwa na kupigwa msasa miaka mingi. Shopify ipo tangu 2006, WooCommerce tangu 2011.

Shopify ni duka la kukodi linalotunzwa na kampuni yenyewe; WooCommerce ni plagini, yaani programu ya nyongeza, inayogeuza tovuti ya WordPress iliyo kwenye seva yako kuwa duka. Kati ya wawili waliobaki, anza na hesabu. Shopify ina mfumo wake wa kupokea malipo, Shopify Payments, lakini haufanyi kazi Kenya. Kwa hivyo utaunganisha mpokeaji wa nje, kama Pesapal, na kwa mpango wa Basic Shopify itakata asilimia 2 ya kila mauzo kwa sababu hukutumia wake. Tuseme wauza shilingi 300,000 kwa mwezi: hiyo ni 6,000 kwa mwezi, 72,000 kwa mwaka, mbali na ada ya kila mwezi ya Shopify inayolipwa kwa dola na mbali na makato ya huyo mpokeaji mwenyewe. WooCommerce haikati asilimia yoyote, na programu yenyewe ni ya bure.

Hapo ndipo wengi hudanganyika. WooCommerce ni bure, mtunzaji wake si bure. WordPress, sura ya tovuti na kila plagini hutoa masasisho mara kwa mara, na tovuti iliyoachwa miezi minane bila kusasishwa huingiliwa na wadukuzi wasiojua hata Mombasa iko wapi; programu zao hupita mtandaoni zikijaribu kila mlango. Unahitaji seva ya kukodi, kikoa (jina la tovuti), nakala ya akiba ya kila siku iliyowekwa nje ya seva hiyo, na fundi anayelipwa kila mwezi, si anayeitwa mambo yakiharibika. Mauzo yakiwa 60,000 kwa mwezi, asilimia 2 ni 1,200 tu, na hakuna fundi wa 1,200. Hapo Shopify ndiyo rahisi. Mauzo yakiwa 300,000 na kuna fundi unayemwamini, WooCommerce. Ukiwa huna fundi na huna mpango wa kumlipa, chukua Shopify hata kama mauzo ni makubwa, na asilimia 2 uihesabu kuwa mshahara wa mlinzi.

Kabla ya yote hayo, andika jedwali. Safu zake: msimbo wa bidhaa, jina la leso, rangi, bei kwa doti, idadi iliyopo, uzito wa doti baada ya kupimwa kwa mizani, na majina ya faili za picha. Majukwaa yote mawili hupokea jedwali la CSV, faili ambalo Excel hulitoa, kwa hivyo kazi hii haipotei ukibadili nia. Jina la bidhaa liwe lile neno lililoandikwa kwenye leso, herufi kwa herufi. Mteja wa Lamu au Muscat hatafuti "Leso 047", atafuta usemi alioona kwa jirani. Kila usemi uwe bidhaa yake, na rangi ziwe chaguo ndani yake. Kosa linalorudiwa sana ni kufungua bidhaa moja iitwayo "Leso" na kuzitia zote 180 kama chaguo: hazitafutiki, na picha huchanganyika. Dera litakuwa na chaguo mbili, rangi na saizi. Shopify huruhusu aina tatu za chaguo kwa bidhaa, kwa hivyo hapo hubanwi.

Picha tatu kwa kila leso zatosha: moja ya doti nzima iliyotandazwa pindo na mji vionekane, moja ya jina kwa karibu, moja ya kitambaa. Zipunguze hadi upana wa pikseli 1,200, umbo la WebP au JPEG ya ubora wa 80, zisizidi KB 150. Picha 540 zilizotoka simuni zikiwa na MB 4 kila moja ni zaidi ya GB 2. Zikipunguzwa ni MB 81. Mteja anayenunua bando la shilingi 20 hangoji picha ya MB 4 ifunguke, anaondoka.

Nauza manukato na udi Mji wa Kale, duka langu ni WooCommerce. Mteja alipa, ujumbe wa M-Pesa waingia kwangu, lakini oda yabaki "inasubiri malipo" na baada ya saa moja yajifuta. Fundi asema ni mtandao.

Hiyo saa moja yatueleza kitu. WooCommerce imewekewa tangu mwanzo dakika 60 za kushikilia bidhaa kwa oda ambayo haijalipwa. Muda ukipita, huifuta oda na kurudisha bidhaa kwenye hesabu. Maana yake pesa ilifika ila tovuti haikuambiwa. Tena chupa hiyo hiyo yaweza kununuliwa na mtu wa pili.

Mlolongo ni huu. Tovuti huomba tokeni, yaani kibali cha muda, kutoka Daraja, mlango wa Safaricom wa kuunganisha programu, kwa kutumia funguo zake mbili, Consumer Key na Consumer Secret. Tokeni hudumu sekunde 3,599, karibu saa moja. Kisha tovuti hutuma ombi la STK, lile linalochomoza dirisha la PIN kwenye simu ya mteja. Daraja hujibu papo hapo na kutoa namba iitwayo CheckoutRequestID. Jibu hilo lasema ombi limepokewa, halisemi mtu amelipa. Mteja akishatia PIN ndipo matokeo yenyewe hutumwa kwenye anwani ya majibu iliyoandikwa ndani ya ombi. Yako yapotea hapo mwisho.

Mwambie fundi afungue kumbukumbu za seva atafute maombi ya POST, yaani ujumbe uliotumwa kwa tovuti, yaliyofika kwenye anwani hiyo saa ile mteja alipolipa. Kama hakuna hata moja, anwani ina kasoro: lazima ianze na https, iwe wazi kwa dunia, na iwe imeandikwa kama tovuti inavyoishia hasa. Tovuti yako ikiwa huhamisha kila mgeni kutoka jina tupu kwenda jina lenye www, ujumbe wa Daraja hugonga mlango wa kwanza, huambiwa uhame, na mzigo wake hudondoka njiani. Kama maombi yamefika yakajibiwa 403, yaani "huruhusiwi", plagini ya ulinzi au ukuta wa Cloudflare umeyadhania wadukuzi, basi iruhusu njia hiyo moja tu, usizime ulinzi wote. Kama yamefika yakajibiwa 200, yaani "sawa", na oda bado imelala, plagini yenyewe ndiyo haijui ujumbe ni wa oda gani.

Hilo la mwisho ndilo gumu kulibaini. Matokeo ya STK hayaji na namba ya oda. Huja na CheckoutRequestID, ResultCode, na kama malipo yamepita, kiasi, namba ya risiti ya M-Pesa, tarehe na simu. Plagini nzuri huhifadhi CheckoutRequestID ndani ya oda wakati wa kutuma ombi, kisha huitafuta kwa hiyo. Plagini mbovu hulinganisha simu au kiasi, na wateja wawili wakinunua chupa ya 2,500 kwa wakati mmoja, mmoja wao hupotea.

Misimbo ya ResultCode ielezwe kwa mteja kwa lugha yake, isiishie "malipo yameshindikana". 0 ni amelipa. 1 ni salio halitoshi. 1032 ameghairi mwenyewe. 2001 PIN si sahihi. 1037 simu haikupatikana au hakujibu kwa wakati. Huyu hajakataa kununua, mpe kitufe cha kutuma ombi tena.

Hata kila kitu kikiwa sawa, siku moja ujumbe hautafika. Kwa hivyo tovuti iulize yenyewe: Daraja ina huduma ya kuuliza hali ya ombi la STK kwa CheckoutRequestID. Iendeshwe kila dakika tano kwa oda zote zinazosubiri. Ratiba ya ndani ya WordPress huamka tu mtu anapotembelea tovuti, na saa nane za usiku hakuna anayetembelea, basi tumia ratiba ya seva yenyewe. Ulizo hilo lina faida ya pili. Anwani ya majibu iko wazi kwa dunia, na yeyote akiijua aweza kutuma ujumbe bandia kwamba amelipa. Kabla ya kuiweka oda "imelipwa", hakikisha kwa ulizo, na linganisha kiasi kilicholipwa na jumla ya oda. Vivyo hivyo picha ya ujumbe wa M-Pesa iliyotumwa kwa WhatsApp si malipo. Tazama risiti kwenye akaunti yako.

Mambo mawili kuhusu namba. Ukitumia Till, aina ya muamala ni CustomerBuyGoodsOnline: namba ya Till hukaa kwenye sehemu ya ombi iitwayo PartyB, na BusinessShortCode ni ile namba ya duka uliyopewa pamoja na Till. Ukiiweka Till mahali pote pawili itakataa. Kwa Paybill aina ni CustomerPayBillOnline na namba ni ile ile pote pawili. Na ukikuta 174379 kwenye mipangilio, hiyo ni ya majaribio, pesa halisi haiji. Bei nazo ziwe shilingi kamili bila senti, simu zigeuzwe zianze na 254, zikiwemo za 01, na kumbuka muamala mmoja wa M-Pesa hauzidi 250,000.

Wateja wako wengi wakipenda kulipa kwa mkono wenyewe, fikiria Paybill. Till haina mahali pa kuandika akaunti, kwa hivyo malipo hayo hutayajua ni ya oda gani. Kwenye Paybill mteja huandika namba ya oda kama akaunti.

Duka letu la vifaa vya ujenzi liko Changamwe. Tumefungua tovuti, lakini mtu hununua mtandaoni bati zilizokwisha kaunta asubuhi. Programu ya kaunta na tovuti hazisemezani.

Amueni kwanza nani bwana wa hesabu. Kwa duka lenye kaunta yenye pilika, ni programu ya kaunta; tovuti isome tu, na oda za tovuti ziingizwe kaunta kama mauzo mengine. Mkiruhusu pande zote mbili kubadili idadi, baada ya wiki hamtajua ipi ya kweli. Kabla ya kuunganisha, kila bidhaa iwe na msimbo mmoja ule ule pande zote, bila nafasi wala tofauti ya herufi kubwa na ndogo. Sehemu kubwa ya kazi ni kusafisha misimbo hiyo, na mafundi husahau kuitoza.

Muulizeni muuza programu ya kaunta swali moja: ina njia rasmi ya programu nyingine kusoma stoku? Kama ndiyo, vuteni idadi kila dakika tano. Kama inaweza tu kutoa faili, pakueni kila saa na muweke akiba: tovuti ionyeshe idadi ya kaunta ikipunguzwa tatu au nne. Kwa bati na saruji akiba iwe kubwa zaidi, maana mkandarasi mmoja huchukua hamsini kwa mpigo.

Vipimo pia vitawasumbua. WooCommerce ikiachwa ilivyo hukubali idadi kamili tu, hivyo kilo moja na nusu ya misumari haikubaliki. Fanyeni nusu kilo iwe kipimo kimoja, na waya uuzwe kwa mita nzima.

Kuhusu KRA: ankara ya eTIMS, mfumo wao wa ankara za kielektroniki, itoke mahali pamoja, kaunta, hata kwa oda ya mtandaoni. Tovuti ikitoa yake na kaunta ikatoa yake, mmeripoti mauzo mara mbili. Ukurasa wa malipo uwe na nafasi ya hiari ya PIN ya KRA ya mnunuzi, yenye herufi moja, tarakimu tisa na herufi moja, kwa sababu kampuni inayonunua kwenu haitakubaliwa gharama hiyo kikodi bila ankara ya eTIMS. Na bei mwonyeshe zikiwa na VAT ya asilimia 16 ndani. Mteja akikuta imeongezwa ukurasa wa mwisho, kikapu hukiacha hapo hapo.

Tuna nyumba ya wageni yenye vyumba tisa Nyali. Fundi ataka vyumba viwe "bidhaa" za duka. Pia tuko kwenye majukwaa mawili ya kuhifadhi vyumba, na chumba kimoja kimeuzwa mara mbili.

Chumba si chupa ya manukato. Idadi yake yategemea tarehe, na duka la kawaida halijui tarehe. Mnachohitaji ni tovuti ndogo ya WordPress, kurasa sita au saba, na mfumo wa kuhifadhi vyumba uliounganishwa ndani yake.

Kuuza mara mbili kwa kawaida husababishwa na kalenda za iCal. Hilo ni faili tu lenye tarehe zilizochukuliwa, na kila jukwaa huja kulisoma kwa ratiba yake, pengine baada ya saa kadhaa. Katikati ya hapo mgeni wa pili ashalipa. Tena haibebi bei. Kwa vyumba tisa na njia tatu za kuuza, lipieni programu ya kusimamia njia zote iliyounganishwa moja kwa moja na majukwaa, ambayo hufunga chumba pote mara kimoja kikiuzwa. Msipoweza kwa sasa, Agosti na Desemba ondoeni chumba kimoja cha kila aina kwenye majukwaa ya nje, na mfunge uuzaji wa siku hiyo hiyo.

Nakala za pasipoti zisipitie fomu ya tovuti kuingia barua pepe. Biashara yenye mapato chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya kumi husamehewa kujisajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, ila sekta ya hoteli na malazi haimo kwenye msamaha huo.

Nauza viungo na achari Kongowea. Nitozeje usafiri kwenye duka langu la WooCommerce?

Usitumie kaunti peke yake. WooCommerce inazijua kaunti za Kenya, lakini kwake Mtongwe na Kizingo ni Mombasa moja. Weka kanda moja ya Mombasa, ndani yake bei nne zenye majina: Kisiwani, Nyali hadi Bamburi, Changamwe hadi Miritini, na Likoni. Wapo watakaochagua ya bei rahisi hata wakiwa Likoni, kwa hivyo fanya sehemu ya mtaa kuwa ya lazima na oda isithibitishwe kabla mtu hajatazama mtaa na bei iliyochaguliwa pamoja. Likoni iwe na bei yake kwa sababu ya muda zaidi ya mafuta. Anayevuka kwa miguu halipi feri, lakini bodaboda hulipa, na jioni foleni yaweza kula saa nzima. Andika kwamba oda ya baada ya saa tisa alasiri itavuka kesho yake. Achari iwe na uzito wa chupa ikijaa, si wa achari tupu, ama sivyo mizigo ya basi kwenda Nairobi itakula faida yako.

Kikoa changu cha .co.ke kilisajiliwa na fundi ambaye hapokei simu tena. Nihame vipi?

Tazama kwanza usajili wake kwenye huduma ya WHOIS ya KeNIC, wanaosimamia .ke. Ikiwa jina au barua pepe ya mmiliki ni yako, mwandikie msajili, yaani kampuni iliyouza kikoa hicho, moja kwa moja umwombe msimbo wa kuhamisha. Huhitaji fundi. Ikiwa ni ya fundi, kusanya risiti ulizolipa, cheti cha usajili wa biashara na barua ya maombi, uanze na msajili, kisha KeNIC. Fanya haya kabla ya tarehe ya kuisha, sio baada.

Ukishapata msimbo wa kuhamisha, usikimbilie kubadili seva za majina. Nakili rekodi zote za DNS, zile zinazoelekeza jina kwenye seva, hasa za MX ambazo hubeba barua pepe, uziandike upande mpya. Rekodi zenye TTL (sekunde ambazo rekodi hukumbukwa) ya 3600 au zaidi zishushe hadi 300 siku moja kabla. Kisha badilisha, na ile seva ya zamani uiache iwake siku mbili zaidi.